Sala ya Wanyoike

Katika laini, makazi ya polisi kituoni, nyumba zilikuwa chache kuliko askari, kwa hivyo Koplo Kipkoech na Konstebo Wanyoike walipewa chumba kimoja. Walikigawa kwa pazia la buluu lililoning'inia kwenye waya, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlango walikaa Kipkoech, mkewe Chepkorir na binti yao mdogo, Faith. Upande wa dirisha walikaa Wanyoike na mkewe Gathoni. Waliishi hivyo miaka miwili, na kwa kuwa pazia halizuii sauti, kila upande ulijua mambo ya upande wa pili: nani ana kikohozi, nani amenuniana na nani, na nani anamwomba Mungu nini.

Maana wote walikuwa watu wa maombi. Alfajiri, kabla ya gwaride, Kipkoech alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba kwa Kinandi, na Wanyoike upande wake akaomba kwa Kikuyu. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Wakimaliza walisalimiana kupitia pazia, kisha wakatoka nje kupiga viatu rangi.

Siku za soko alikuja Mama Tabitha, mamake Wanyoike. Alikuwa mjane mwenye ekari mbili Yamumbi, nje kidogo ya mji, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta kabichi mbili kwa Gathoni na mbili kwa Chepkorir, maziwa chupa moja huku na moja kule. Kipkoech alikuwa amekula kwake mara nyingi. Mama huyo alimwita kijana wake wa pili, naye Kipkoech hakuona ajabu yoyote katika jina hilo.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ukafika. Matokeo yalitangazwa Jumapili jioni, na asubuhi yake moshi ulikuwa tayari unaonekana upande wa Langas. Kufikia Jumatano, tarehe mbili Januari, uwanja wa kituo ulikuwa umejaa Wakikuyu waliochomewa nyumba, magodoro, masufuria na kuku. OCS, mkuu wa kituo, alimkataza Wanyoike kuvuka lango.

"Wewe utabaki hapa ndani," alimwambia. "Huko nje wakijua wewe ni wa wapi, hata hiyo sare haitakusaidia."

Kipkoech alipewa Land Rover ya doria pamoja na dereva, Konstebo Mabonga, na askari wawili wa kukaa nyuma. Gari lilikuwa limeshawashwa Wanyoike alipolikimbilia na kushika dirisha.

"Koech, mama yuko peke yake. Simu yake imezima tangu jana. Mkifika Yamumbi, tafadhali."

"Nitamleta," Kipkoech akasema.

Alipotamka neno hilo alikuwa na nia kabisa ya kumleta. Miaka mingi baadaye alilirudia hilo moyoni mwake, akilishika kana kwamba lingemfaa kitu.

Walipofika kwenye kona ya kuingilia Yamumbi walikuta gogo la mkaratusi limelazwa barabarani na vijana kama ishirini wamesimama kando, wengine na mishale. Mabonga akapunguza mwendo. Vijana walipomtambua Kipkoech walitulia. Wawili wakainua ncha ya gogo na kulisogeza, pakawa na nafasi ya gari kupita. Mmoja akaja hadi dirishani. Aliitwa Bethwel. Shamba la baba yake lilipakana na la wazazi wa Kipkoech, kilomita chache mbele, na walikuwa wamesoma shule moja.

"Koplo, mnaenda wapi?"

"Doria."

"Huko chini hakuna kitu cha kuona." Bethwel aliegemea mlango wa gari. Hakuonekana kuwa na hasira. "Hizi siku watu wanaangalia ni nani anabeba nani kwa gari. Mimi nakuambia tu kama jirani. Mzee wako bado anakaa pale na ng'ombe zake."

Kipkoech alitazama mbele. Kutoka pale aliona paa la Mama Tabitha nyuma ya ua wa msaipresi, na tangi lake la maji la kijani. Hapakuwa na moshi upande ule. Barabara ilikuwa tupu hadi langoni kwake. Alimfikiria baba yake, mzee wa miaka sabini na mbili, amekaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba. Alizifikiria pia zile nyuso ishirini, ambazo nyingi alizijua kwa majina, na vile zingemtazama akirudi kupitia pale na mama huyo kwenye kiti cha mbele.

"Geuza," alimwambia Mabonga.

"Afande, si wametufungulia?"

"Nimesema geuza."

Mabonga akageuza gari. "Wewe ndiye mkubwa," akasema.

Wanyoike alikuwa amesimama langoni. Alitazama ndani ya gari, akatazama nyuma, kisha akamtazama Kipkoech usoni.

"Hatukuweza kupita," Kipkoech akasema. "Wamefunga barabara. Walitaka kutuchoma ndani ya gari."

Wanyoike alimshika mabega yote mawili. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Asante, ndugu yangu," alisema. "Asante kwa kujaribu."

Nyumba ya Mama Tabitha ilichomwa jioni ya siku hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka saa moja mapema na majirani wawili, wakapita katikati ya mashamba yaliyovunwa, wakalala siku mbili kwenye mtaro kwa baridi ya Januari. Alipofikishwa kwenye kambi ya wakimbizi, katika uwanja wa maonyesho, miguu yake ilikuwa imepasuka na kifua kikimpigia mluzi. Chepkorir alimpelekea uji kila siku. Alimwosha miguu kwa maji ya chumvi na kumsugua kifua kwa mafuta. Kipkoech alifika mara moja tu, akasimama mlangoni mwa hema, akasema ana kazi. Mama Tabitha alifariki tarehe ishirini na sita. Alizikwa kwa ndugu zake upande wa Nyahururu, na Kipkoech ndiye aliyepangiwa kusindikiza gari la maiti. Kaburini walikosekana watu wa kubeba jeneza, naye akashika upande wa kushoto, nyuma ya Wanyoike.

Waliporudi kwenye kile chumba, Wanyoike alibadilisha lugha ya maombi yake. Alfajiri ya kwanza Kipkoech alidhani amesikia vibaya. Wanyoike alikuwa akiomba kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

"Na Bwana, umbariki ndugu yangu Koech, aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya mama yangu. Mlinde yeye na nyumba yake. Kwa ajili yake, usiniache niwachukie watu wa kwao. Amina."

Kipkoech alikuwa amepiga magoti upande wa pili, viganja vyake juu ya blanketi. Alifungua kinywa kuanza sala yake na hakupata la kusema. Alingoja. Mwishowe aliinuka, akavaa viatu.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Baada ya wiki mbili aliacha kupiga magoti. Alitoka nje mapema, kabla ya Wanyoike kuamka, akasimama kwenye mabomba ya maji hadi sala ile ipite. Chepkorir akachukua zamu ya kuombea familia, hakuuliza kwa nini.

Agosti mwaka huo Wanyoike alipata uhamisho kwenda Isiolo. Waliagana vizuri. Tangu hapo, kila tarehe mbili Januari, simu ya Kipkoech ililia na ujumbe mfupi: "Nakukumbuka kwa maombi, ndugu yangu." Alijibu "Asante" na kuufuta. Wale askari wawili wa nyuma walipelekwa vituo vingine. Mabonga naye alihamishwa, kisha akaacha kazi, na watu walisema anakunywa sana huko kwao.

Kipkoech hakuwa mlevi wala hakuwahi kumpiga mkewe. Kwa macho ya watu alikuwa askari mzuri, na mwaka wa 2012 alipandishwa cheo kuwa sajini. Lakini kanisani alikaa kiti cha karibu na mlango, na meza ya Bwana ilipoandaliwa alitoka kwenda kuangalia gari ambalo hakuwa nalo. Wazee wa kanisa walidhani ni mambo ya kazi. Akiwa nyumbani alikaa kimya. Faith alikua akijua kwamba baba yake haulizwi maswali baada ya chakula. Baba yake Kipkoech alifariki kwa uzee mwaka wa 2014, kitandani mwake, ng'ombe wake wote wakiwa zizini. Mchungaji alipomtaka Kipkoech, kama kifungua mimba, aombe kando ya kaburi, alimnyooshea kidole mdogo wake.

Mwaka wa 2015 kituo kilipata kasisi mpya, Inspekta Nasike, mwanamke mnene wa makamo kutoka upande wa Bungoma. Askari wote walimwita Padre, maana wale wote waliomtangulia waliitwa hivyo na hakuna aliyepata jina lingine. Miezi sita baada ya kufika kwake, konstebo mmoja kijana alijiua ndani ya laini. Padre ndiye aliyemzika. Wiki iliyofuata aliomba stoo ya zamani ya matairi, akaifagia mwenyewe, akaweka mabenchi mawili, na kutangaza kwamba kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana atakuwa pale, na atakayetaka kukaa aje akae.

Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili OCS alimwamuru Kipkoech aende ili wadogo waone mkubwa ameenda. Alikwenda. Wakaanza kuja wengine, watano, wanane. Walizungumza juu ya uhamisho, madeni, wake walio mbali, miili waliyookota barabarani. Padre alisikiliza zaidi ya alivyosema, na mwishoni aliomba kwa maneno machache. Kipkoech alihudhuria mwaka mzima bila kusema lolote.

Alhamisi moja, mapema mwaka wa 2017, wengine walipotoka Padre alimwita.

"Sajini, kaa kidogo. Mimi nikiomba wewe hufungi macho. Na husemi Amina. Nimekuangalia mwaka mzima."

"Ni mazoea ya kazi, Padre. Lazima mtu mmoja aangalie mlango."

"Mlango una komeo," Padre akasema. "Umeacha kuomba lini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Labda angeulizwa mapema angejibu mapema, au labda angesimama akaenda zake. Siku hiyo alijikuta anajibu. Alianza na pazia, akaja kwenye kona, gogo, Bethwel, paa la Mama Tabitha. Alimweleza juu ya sala ya Wanyoike, neno kwa neno, maana alikuwa ameishika yote. Alipomaliza alikuwa ametokwa na jasho hadi shati limeshika mgongo.

Padre alivuta benchi lake karibu. "Na yuko wapi sasa huyo Wanyoike?"

"Alistaafu mapema, kwa ajili ya mgongo. Amerudi Yamumbi. Amejenga palepale kwa mamake."

"Hapo tu? Na hujawahi kwenda?"

"Sijawahi."

"Umefanya vizuri kuniambia. Lakini, Sajini, mimi sikuzaliwa na Mama Tabitha. Hili jambo si langu la kusamehe."

"Nikimwambia nitamwumiza bure, Padre. Amekwisha kupoa. Ana amani yake."

"Ana amani juu ya kitu ambacho hakikutokea. Miaka tisa unamwacha akuombee kwa uongo uliompa wewe." Hakupandisha sauti. "Wewe unaujua uzito wake kuliko mimi. Ndiyo maana huwezi kupiga magoti."

Jioni hiyo alimweleza Chepkorir. Mkewe alikuwa akichambua mboga, na mikono yake ikasimama. Kipkoech alitarajia atasema alishuku zamani. Hakusema hivyo.

"Nilimwosha miguu," Chepkorir alisema. "Aliniuliza kama wewe uko salama. Kila siku aliniuliza, 'Kijana wangu yuko salama?'" Aliinuka na sinia lake. "Nenda umwambie. Mimi siendi na wewe."

Alikwenda Jumamosi asubuhi, bila sare. Wanyoike alikuwa uani akirekebisha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, amenenepa kidogo, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alipomwona aliangusha spana.

"Koech! Umepotea hivi, kana kwamba tuko nchi mbili!" Alimkumbatia, akamwita mkewe, akamwita na jirani aliyekuwa akipita nje ya ua, mzee mmoja aitwaye Gerishon. "Mzee Gerishon, njoo umwone. Huyu ndiye yule. Yule askari."

Mzee akaja haraka na kuushika mkono wa Kipkoech kwa mikono yake miwili. "Nimesikia habari zako kanisani, kijana," alisema. "Wanyoike alitusimulia siku ile tuliporudi hapa, tukiwa tunaogopa. Alisema tusiogope, kwa sababu kati yenu alimjua mmoja mwema. Mungu akuweke."

Kipkoech hakuwa amelifikiria hilo. Njiani alikuwa amemfikiria mtu mmoja tu. Kwa dakika kadhaa alikaa kwenye kiti alichopewa, akajibu habari za Faith na za kazi, na ilikuwa rahisi kabisa kunywa chai, kuaga na kurudi mjini. Mzee Gerishon alipokwenda zake, Kipkoech alisema, "Wanyoike, ile siku barabara haikuwa imefungwa."

"Siku gani?"

"Siku ya mama. Walitufungulia. Niliona paa la nyumba. Bethwel alinitisha juu ya mzee wangu, nikaogopa, na nikaona haya mbele yao. Nikamwambia Mabonga ageuze. Nilikudanganya."

Wanyoike hakupiga kelele. Alipangusa grisi kwenye vidole vyake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Aliposema, alikuwa na sauti ya askari anayeandika taarifa.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano kasoro."

"Walikuwa na bunduki?"

"Hapana. Mishale."

"Nyinyi mlikuwa na bunduki ngapi?"

"Tatu."

"Gari lilisimama wapi?"

"Pale kwenye kona."

"Twende unionyeshe."

Walitoka, Gathoni akiwatazama kutoka mlangoni bila kujua kilichotokea. Walitembea hadi kona. Siku hizi kulikuwa na duka la simu na vijana wa boda boda wamekaa juu ya pikipiki zao. Kipkoech alionyesha mahali gogo lilipokuwa na mahali magurudumu yaliposimama. Wanyoike alisimama palepale, akainua uso kuelekea nyumbani kwake. Kisha akatazama saa ya mkononi na kuanza kutembea kurudi, hatua za kawaida, na Kipkoech akamfuata. Walipofika langoni Wanyoike aliitazama saa tena.

"Dakika tisa," alisema. "Mtu mwenye miguu mibovu labda kumi na tano. Gari?"

"Mbili."

"Mbili." Alishika mwimo wa lango. "Yeye alitoka jioni, Koech. Alikuwa ndani siku nzima akingoja. Alimwambia Gathoni pale kambini kwamba aliamini mtoto wake angetuma mtu."

Kipkoech alisema amekosa. Alisema anaomba msamaha.

"Mimi nimemwambia Mungu jina lako kila asubuhi," Wanyoike akasema. "Sijui sasa nitamwambia nini. Nenda. Nikikuita, nitakuita mimi."

Kipkoech alirudi mjini kwa miguu, kupitia Langas, na hakukumbuka baadaye aliyekutana naye. Hakuhisi wepesi wowote, ingawa alikuwa ametumaini kuuhisi. Alhamisi iliyofuata alisimama katika stoo ya matairi na kuwasimulia askari wenzake, kumi na mmoja walikuwepo, na wengine walikuwa watoto wa shule mwaka ule wa 2008. Konstebo mmoja alitoka nje. Mwingine, Cynthia, msichana aliyezaliwa Yamumbi, aliendelea kumtazama mpaka mwisho, na kwa wiki nzima hakumsalimia.

Nyumbani Chepkorir alimpikia na kumfulia kama kawaida na kusema naye machache. Alfajiri alianza tena kupiga magoti. Alisema "Bwana," na hapo akakwama. Alimweleza Padre.

"Umesema Bwana," Padre akajibu. "Kwa miaka tisa hukusema hata hilo. Kesho sema tena."

Mwezi wa saba joto la uchaguzi lilipanda. Familia nyingi zilianza kubeba vitu na kwenda kwa ndugu zao mikoani, na mabasi yakajaa. Siku tatu Kipkoech alishika simu na kuiweka chini kabla ya kumpigia Wanyoike. Wanyoike alipokea, hakusalimia.

"Kama mnataka kuondoka kabla ya kura," Kipkoech alisema, "nitatafuta gari nije niwachukue mwenyewe."

Wanyoike akauliza, "Nikikupigia, utakuja?"

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo hata wakati ule." Simu ikakatika.

Kura zilipigwa Jumanne, tarehe nane Agosti. Siku mbili baadaye matokeo yalikuwa bado, maduka mengi ya mjini yamefungwa, na askari wote wakiwa tayari kituoni. Saa nne asubuhi simu ya Kipkoech ililia.

"Njoo," Wanyoike akasema.

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Alikwenda kwa OCS. Hakukuwa na gari hata moja, na OCS alimwambia hawezi kumtoa kwa jambo asiloweza kulieleza. Kipkoech alisema ataandika barua ya kujieleza akirudi, na kama ni adhabu ataipokea. Pengine kuna aliyekuwa amemsimulia OCS habari za stoo ya matairi, maana alimtazama kidogo, akampungia mkono aende. Akatoka nje ya lango na sare yake, akasimamisha boda boda. Kijana wa pikipiki hakutaka kupita Langas siku ile. Kipkoech alimwambia akae nyuma, yeye mwenyewe ataketi mbele na kuendesha, na hivyo ndivyo walivyokwenda, barabara tupu, milango imefungwa pande zote mbili.

Kwenye kona ya Yamumbi kulikuwa na kundi la vijana wamekaa ukingoni mwa barabara. Walisimama walipoona sare. Mmoja aliuliza, "Afande, unaenda kwa nani?"

Aliogopa, sawasawa na ile siku nyingine. "Kwa Wanyoike," alijibu kwa sauti. "Ni ndugu yangu. Ameniita."

Vijana wakatazamana. Mmoja aliinua mabega na kukaa tena chini. Kipkoech akapita.

Wanyoike alikuwa amesimama nje ya lango lake, mikono nyuma. Hapakuwa na moshi. Kuku walikuwa wakichakura kwenye majani. Gathoni alikuwa akianika nguo kwenye kamba.

"Kuna nini?" Kipkoech aliuliza, akishuka pikipiki ikiwa bado inanguruma. "Ni nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia." Wanyoike alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. "Nilitaka kujua."

Walisimama hivyo. Kijana wa boda boda aligeuza uso pembeni.

"Sijakusamehe," Wanyoike akasema. "Najaribu, na siku nyingine siwezi hata kujaribu. Lile jina lako nimeliacha tangu siku ile. Nikiomba, nikifika pale ninaruka." Alifungua lango. "Ingia. Leo omba wewe. Omba kwa sauti, nisikie unamwambia nini."

Kipkoech alivua kofia. Walikuwa uani, jua la saa tano usoni. Alifunga macho na kwa muda mrefu hakukuwa na sauti ila ya kuku na ya nguo zikipigwa na upepo. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, "Bwana, ni mimi Kipkoech. Nilimwacha Mama Tabitha ndani ya nyumba yake na nilikuwa naweza kumtoa. Nilimdanganya mtoto wake. Usiondoe mkono wako juu ya nyumba hii. Uwalinde leo na kesho. Na mimi unifundishe kusimama. Amina."

Wanyoike hakuitikia Amina. Alikaa ameinamisha kichwa muda kidogo zaidi, kisha akakiinua na kumwambia Gathoni atoe viti nje, vitatu, na kimoja cha yule kijana wa pikipiki.